Barua ya wazi kwa wakuu wa redio yetu: yule mtoto alikuwa na jina

Laramie, Wyoming,
Marekani

Kwa:
Mkurugenzi wa Vipindi,
Mhariri Mkuu,
na wajumbe wote wa Bodi

Waheshimiwa,

YAH: KIPINDI CHENU KUHUSU TOM HORN, MPIGA BUNDUKI WA WYOMING

Shikamooni wakubwa zangu.

Mimi ni msikilizaji wenu tangu utotoni. Redio yenu ilikuwa juu ya kabati la mama yangu, na saa za nyumba yetu zilifuata taarifa zenu za habari. Leo niko mbali, naendesha lori katika jimbo la Wyoming, lakini bado nawasikiliza kwa intaneti. Watoto wangu wamekijua Kiswahili cha kusimulia kupitia kwenu zaidi ya kupitia kwangu. Kwa hiyo barua hii naiandika kwa uchungu, na nisingependa isomwe kama ya adui.

Mlirusha kipindi cha sehemu sita kuhusu Tom Horn. Sehemu ya nne niliisikiliza jikoni pamoja na mwanangu wa miaka 13. Mtangazaji alipofika kwenye kifo cha kijana pale langoni, mwanangu aliniuliza: "Baba, huyo mtoto aliitwa nani?" Nikamwambia asubiri, watasema. Tulisubiri mpaka muziki wa mwisho. Hamkusema.

Niliwaandikia barua pepe tatu. Nilipiga simu mara mbili, na dada wa mapokezi alinipokea kwa heshima na kuniahidi kwamba ujumbe utafika. Halafu nikasikia mkitangaza kwamba kipindi kitarudiwa wakati wa likizo ya shule, watoto wakiwa nyumbani. Ndipo nikaona nisiendelee kunong'ona.

Mtangazaji wenu simlaumu. Sauti yake ni tamu, na mambo ya farasi na bunduki ameyasoma vizuri. Malalamiko yangu ni kwenu mlioipitisha hadithi hii jinsi ilivyo.

Nieleze kwanza ninakoandikia. Iron Mountain, mahali alipouawa yule mtoto, iko ng'ambo ya milima kutoka kwangu, kati yetu na Cheyenne, mji mkuu wa jimbo. Nikielekea kaskazini na mzigo napita Bosler, siku hizi kijiji cha majengo matupu. Upande ule ndiko ilikokuwa ranchi ya John Coble, tajiri wa ng'ombe aliyekuwa mwajiri na rafiki wa Horn. Nikishuka Colorado nafika Boulder, alikozikwa Horn mwenyewe. Hii ni nchi ya nyasi fupi na upepo ambao wakati wa baridi hufunga barabara kuu na kupindua malori. Miti ni michache na nyumba ziko mbalimbali. Mtu akijificha kwenye mawe akakusubiri, hakuna wa kumwona. Nikipita huko usiku huwa nawafikiria watu wa miaka ile, waliokwenda kufungua lango la zizi wakijua kuna mtu anayelipwa kwa kila mmoja wao.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mtoto hakutajwa jina.

Aliitwa Willie Nickell. Alikuwa na miaka 14. Asubuhi ya tarehe 18 Julai 1901 alitoka nyumbani, ametumwa na baba yake, akiwa juu ya farasi wa baba yake. Wengi waliokisimulia kisa hiki wanasema alivaa pia kofia na koti la baba yake. Si mbali na nyumbani palikuwa na lango. Akashuka kulifungua, na risasi zikatoka kwenye mawe. Mbili zilimpata. Alijaribu kukimbia kurudi nyumbani akaanguka. Kesho yake mdogo wake ndiye aliyemkuta. Chini ya kichwa chake palikuwa na jiwe.

Nyinyi mlimwita "dogo mmoja wa jirani", mkatumia dakika karibu kumi kusifia umbali wa shabaha. Mliyataja hata mawe. Farasi mlimtaja kwa rangi yake.

Wengi wanaamini kwamba aliyetafutwa pale langoni alikuwa baba, Kels Nickell. Kosa lake kubwa lilikuwa kuleta kondoo katika nchi ya ng'ombe. Wenye ng'ombe waliwachukia kondoo kwa sababu, kwa maneno yao, wanakula nyasi mpaka mzizi na kuiacha ardhi uchi. Tarehe 4 Agosti mwaka huohuo baba naye alipigwa risasi akajeruhiwa, na kondoo wake wakauawa. Familia ikahama. Katika sehemu zenu sita sikusikia neno kondoo hata mara moja. Msikilizaji atajuaje kwa nini mtoto alikufa?

2. Mlimwita Horn mlinzi wa sheria, lakini hamkusema nani alimlipa.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nami naomba mnivumilie, kwa sababu bila hili hakuna hadithi.

Mpiga bunduki wa kukodiwa ni mwajiriwa. Ana bosi, ana mshahara, ana kazi aliyotumwa. Kwenye vitabu vya kampuni ataandikwa mpelelezi wa mifugo, au mfunza farasi. Horn alifika Wyoming miaka ya 1890 baada ya kuacha kazi katika shirika la wapelelezi la Pinkerton kule Denver. Akaajiriwa na Swan Land and Cattle Company, kampuni ya ng'ombe iliyosajiliwa Edinburgh, Scotland, mwaka 1883. Wenye hisa wake walikaa ng'ambo ya bahari wakisubiri faida ya ng'ombe ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona.

Faida ile ilikuwa imeshaanza kukauka. Matajiri walijaza ng'ombe kwenye ardhi ya serikali kana kwamba nyasi hazina mwisho. Ukaja msimu wa baridi wa 1886 hadi 1887, ng'ombe wakafa kwa malaki katika nyika za kaskazini. Wakati huohuo wakulima na wafugaji wadogo walikuwa wakiingia kwa haki ya sheria ya mwaka 1862, iliyompa mlowezi ekari 160 akikaa na kuzilima. Wakachagua kando ya mito, wakavuta seng'enge. Mwenye kutawala maji ndiye aliyetawala nyasi, kwa hiyo kila kibanda kipya mtoni kilikuwa hasara kwa mtu fulani huko Cheyenne.

Chama cha wafugaji wakubwa, Wyoming Stock Growers Association, kilikuwa na nguvu kuliko serikali ya jimbo. Kwa sheria ya mwaka 1884, ndama asiye na chapa akipatikana kwenye mkusanyo wa ng'ombe aliuzwa, na fedha ikaenda kwa Chama. Mfugaji mdogo aliyempiga chapa ndama kama huyo aliitwa mwizi. Wizi wa mifugo ulikuwepo kweli, hilo silikatai. Lakini neno "mwizi" lilitosha kumfunika hata mtu ambaye kosa lake lilikuwa kuwa na seng'enge. Mwaka 1889 mwanamke mlowezi, Ella Watson, na mwenzake Jim Averell walinyongwa mtini karibu na Mto Sweetwater na wafugaji waliokuwa majirani zao. Hakuna aliyefungwa.

Miaka mitatu baadaye kazi hiyo ilipewa wageni kwa mshahara. Aprili 1892 treni iliondoka Cheyenne kwenda Casper ikiwa na watu wapatao hamsini wenye silaha. Zaidi ya ishirini walikuwa wapiga bunduki waliokodiwa Texas kwa dola 5 kwa siku, na dola 50 zaidi kwa kila "mwizi" atakayeuawa. Walikuwa na orodha ya majina. Tarehe 9 Aprili waliizingira nyumba ya ranchi ya KC, wakamuua Nick Ray. Mwenzake, mfugaji mdogo Nate Champion, alipigana peke yake karibu kutwa nzima, huku akiandika kwenye kijitabu yanayomtokea, mpaka nyumba ilipochomwa akatoka mbio na kuuawa. Wananchi wa mji wa Buffalo walipowazingira wavamizi hao katika ranchi ya TA, Rais Benjamin Harrison alituma askari wa farasi, na waliookolewa ni wavamizi. Januari 1893 kesi ilifutwa. Wilaya ya Johnson, uliko mji huo wa Buffalo, haikuwa na fedha za kuiendesha.

Kwa maoni yangu matajiri walijifunza jambo pale: jeshi la watu hamsini lina kelele, mtu mmoja hana. Mwaka 1895 walowezi wawili, William Lewis na Fred Powell, waliuawa kwa risasi, mmoja baada ya mwingine, ndani ya wiki chache. Kila mtu alimnong'ona Horn. Mahakama haikumtia hatiani. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 500 au 600 kwa mtu mmoja, wakati mchunga ng'ombe wa kawaida alipata kama dola 30 au 40 kwa mwezi. Fedha hiyo ilitoka mfukoni mwa mtu.

Waswahili tunasema mjumbe hauawi. Cheyenne mwaka 1903 alinyongwa mjumbe, na hakuna mwajiri wake hata mmoja aliyesimama kizimbani kwa damu ya Willie Nickell. Kipindi chenu kilimaliza sehemu zote sita bila kuuliza swali hilo, tena kikamvika aliyetumwa nishani ya sheria.

3. Isom Dart mlimwita "mwizi mweusi".

Sisi, redio ya Waafrika! Dart alikuwa mmoja wa wachunga ng'ombe Weusi, nao walikuwa wengi kuliko wanavyoonekana kwenye picha. Inasimuliwa kwamba alizaliwa utumwani Arkansas. Aliishi Brown's Park, pale Colorado, Utah na Wyoming zinapokutana, na majirani walimjua kama fundi wa kumtuliza farasi mkali. Mwaka 1900 mtu aliyejiita James Hicks aliingia bonde lile akitafuta kazi. Julai, jirani yake Dart, Matt Rash, alipigwa risasi. Oktoba, Dart alitoka kibandani kwake asubuhi akapigwa risasi. Hicks, kama inavyoaminika, alikuwa Horn.

Tuhuma za wizi zilikuwepo. Lakini safari ile hakuna hakimu aliyemsikiliza, hakuna shahidi aliyeapishwa. Nyinyi mmemhukumu miaka zaidi ya mia moja baadaye kwa maneno mawili, na moja kati ya hayo mawili ni rangi yake.

4. Mliyaita maisha yale "maisha ya uhuru".

Tom Horn alizaliwa Missouri tarehe 21 Novemba 1860 akatoroka nyumbani akiwa kijana mdogo. Kule Arizona alifanya kazi na jeshi kama mpakiaji wa nyumbu, skauti na mkalimani katika vita dhidi ya Waapache, wenyeji wa asili wa huko. Alijeruhiwa mwaka 1886, mwaka ambao Geronimo, kiongozi wao, alijisalimisha. Alikuwa hodari kweli, na sioni ubaya kulisema hilo. Naona kama msiba kwamba mtu aliyejua lugha, mlima na mnyama namna ile aliishia kuwa chombo cha kufukuzia watu kwenye maji.

Kazi ya mpelelezi wa mifugo ilikuwa wiki nzima peke yake nyikani, kulala chini, kuchungulia zizi la mtu kutoka kilimani. Watu walimpa chakula kwa sababu walimwogopa. Hakuwa na mke. Akifika mjini alikunywa, akinywa alijisifu, na kujisifu ndiko kulikomponza. Januari 1902, Joe LeFors, naibu mashali wa serikali kuu, alimwita ofisini Cheyenne kana kwamba anamtafutia kazi, kumbe nyuma ya mlango kulikuwa na mwandishi wa hati mkato. Kwa mujibu wa hati ile, Horn alisema kwamba ile ilikuwa shabaha bora kuliko zote alizowahi kupiga, na kitendo kichafu kuliko vyote alivyowahi kufanya. Nyinyi mlisoma nusu ya kwanza ya sentensi hiyo mkaacha ya pili. Nimeirudia rekodi yenu mara tatu kuhakikisha.

Oktoba 1902 alitiwa hatiani. Agosti 1903 alitoroka jela akakamatwa palepale mjini. Tarehe 20 Novemba 1903, siku moja kabla ya kutimiza miaka 43, alinyongwa Cheyenne kwa mtambo uliofunguka kwa uzito wa maji. Anayenyongwa alisimama juu ya mlango akisikia maji yakitiririka mpaka ufunguke. Hakuwataja waliomlipa. Kama huo ni uhuru, sijui mwanangu nimweleze vipi maana ya neno hilo.

Sasa, najua mtakayonijibu, maana baadhi nimeyasikia kwenye simu.

Mtasema hatia ya Horn ina ubishi. Ni kweli, na wala sitaki muufiche. Hati ya LeFors ilitokana na mtego, na Horn alikuwa amekunywa. Mwalimu wa shule ya Iron Mountain, Glendolene Kimmell, alimtetea mpaka mwisho. Mwaka 1993 ilifanyika kesi ya kuigiza Cheyenne, na waamuzi wakamwona hana hatia. Yasemeni hayo yote hewani! Lakini kama hamna uhakika kwamba alifyatua, mnasifuje shabaha? Na hata akiwa hakufyatua yeye, Willie Nickell alikufa.

Mtasema ni burudani. Burudani haikatazi jina. Mmewahi kutuletea visa vya majambazi wa kwetu, na kila mara mlitaja waliouawa, mkazungumza na wajane. Kwa nini mauti ya Iron Mountain yawe mepesi?

Mtasema haya ni ya Marekani, hayatuhusu. Basi msingeyarusha. Mmeyaleta ndani ya nyumba zetu kwa Kiswahili chetu, na Kiswahili hicho kina maneno yake: muuaji wa kukodiwa, aliyemkodi, aliyeuawa. Mlichagua kutumia "mbabe".

Ninachoomba ni hiki:

(a) Marudio ya likizo yasitishwe mpaka kipindi kirekebishwe.

(b) Willie Nickell, William Lewis, Fred Powell, Matt Rash na Isom Dart watajwe kwa majina kila mahali vifo vyao vinaposimuliwa, na maneno "mwizi mweusi" yaondolewe kwenye rekodi na kuombewa radhi hewani.

(c) Iongezwe sehemu moja, hata ya dakika ishirini, kuhusu waajiri: Chama cha wafugaji, kampuni za ng'ambo, sheria ya ndama, treni ya Aprili 1892. Mkihitaji msaada wa kusoma magazeti ya zamani ya huku, nitaufanya bila malipo siku zangu za mapumziko.

(d) Mnijibu kwa maandishi kabla ya likizo kuanza. Jibu likiwa ni hapana, lisemwe hapana, na sababu zake.

Mwanangu ameomba aandike mstari mmoja, nami nimemruhusu. Ameandika: "Naomba mmtaje."

Wenu katika usikivu,

Baba wa watoto watatu, dereva wa lori,
Laramie